Kikuba cha Majani

Siku hizi bustani ya mitishamba huchanua pale tu mtu wa nyumba anapougua. Kwa Mwanasiti ilichanua mwaka mzima, kwa sababu ya mapafu ya bintiye, Tima. Kila asubuhi alichuma maua, akatunga kikuba, akambandika mtoto kifuani akiwa kitandani.

Leo alitoka na kikapu chake, asikute hata ua moja. Alipiga vigelegele mtaa mzima ukasikia. Akatunga kikuba cha majani matupu, na Tima akakimbia nacho hadi barazani.

"Kikuba gani hiki kisicho na ua?" akauliza jirani yao, Rukiya.

"Cha mzima, shoga yangu!"

Wakakumbatiana, wakacheka mpaka machozi. Kisha Rukiya akarudi kwake, akaikuta bustani yake imejaa maua meupe.