Maandishi ya Kidenmaki Kwenye Mashine ya Hewa

Tangu madirisha yapigwe marufuku, kila nyumba inapumua kwa mashine, na Sauti ya ukutani ndiyo inayotutafsiria lugha zote. Mimi nina diploma ya ufundi mitambo. Mashine ya chumbani kwa mwanangu Zamda ilipoanza kukoroma, niliifungua mwenyewe. Ndani ya kifuniko palikuwa na mchoro, na pembeni yake mtu ameandika kwa mkono mistari mitatu ya Kidenmaki, akaipigia mstari kwa wino mwekundu.

“Inasema safisha kichujio,” Sauti ikanisomea.

Mistari mitatu kwa ajili ya kichujio tu? Sikuamini. Niliubandua mchoro, nikaufunga kwenye kanga, nikampelekea jirani, Bi Mwanakheri, aliyepika kwenye meli za Wadenmaki miaka mingi.

Alisoma, akaweka mwiko chini. “Mama Zamda, mtoto yuko wapi?”

“Amelala chumbani.”

“Kamtoe, wewe! Wameandika mashine inavuta hewa nyingi kuliko inayorudisha. Mtu asilale humo.”

Nilikimbia. Zamda alikuwa mzito kama gunia, lakini nilipomtikisa alifumbua macho. Nilipofika naye mlangoni, Sauti iliniita kwa upole.

“Mama Zamda, Bi Mwanakheri alijifunza wapi Kidenmaki?”