Njia ya Kuzuia Gurudumu

"Beltrán leo atakiona cha mtema kuni," Garrett Lindqvist alinong'ona, macho yake upande wa pili wa mahakama ya rufaa, Washington.

Arturo Beltrán alikuwa fundi kwenye kiwanda chake cha vitanda vya hospitali. Aliacha kazi, akafungua karakana na kuunda breki za vitanda kama hivyo. Lindqvist akamshtaki kwa kuiba uvumbuzi, akashinda mara ya kwanza, na Beltrán akakata rufaa. Kwa roho mbaya aliyokuwa nayo Lindqvist, hata fidia hakuitaka. Alitaka karakana ile ifungwe na Beltrán mwenyewe arudi kumpigia magoti.

Kando yake aliketi Imogene Stroud, mhandisi wake kwa miaka kumi na tisa. Ndiye aliyeandika hati ya kusajili uvumbuzi wa breki, yenye jina la bosi, na leo kambebea mafaili.

Jaji wa katikati aliinama mbele. "Bwana Pruitt, hati ya mteja wako inadai 'njia ya kuzuia gurudumu.' Hiyo ni kazi. Kifaa kinachoifanya ni kipi?"

"Ulimi wa chuma unaolikamata gurudumu, Mheshimiwa," alijibu wakili wa Lindqvist. "Vitanda vyetu vyote vinao."

"Sijauliza vitanda. Ukidai kazi tu, sheria inakulinda kwa kifaa ulichokieleza kwenye hati. Kama hukueleza chochote, dai lote linaanguka. Nionyeshe ukurasa."

Pruitt alifunua, akafunua tena. Taa ya njano iliwaka mbele yake: zimebaki dakika mbili. Akageuka nyuma.

"Garrett, wewe ndiye mvumbuzi. Ulimi uko wapi hapa?"

Lindqvist aliikodolea macho michoro. "Mpe Imogene. Hayo madogo madogo namwachia yeye."

Imogene alipitia kurasa zote bila haraka. "Haumo," alisema.

Taa nyekundu ikawaka: muda umekwisha. Pruitt akaketi. Kule ng'ambo Beltrán alijifunika uso kwa viganja, akilia kwa furaha.

"Haumo vipi?" Lindqvist alimkamata Imogene mkono. "Si uliandika wewe? Umeniua, mama! Kwa nini hukuuandika?"

Imogene aliutoa mkono wake taratibu.

"Siku uliyoniamuru niweke jina lako kwenye breki yangu, bosi, hukuniuliza inafanyaje kazi. Nami sikuandika."