Tone Lisilong'aa

Saa mbili asubuhi, matone mawili ya damu yalikuwa chini ya taa ya zambarau. La Kibwana, mpimaji wa maabara, liling'aa. La mtoto wa Mwasiti, mwenye siku nne, lilibaki jeusi.

"Kuna kimeng'enya ambacho mtoto hana," alisema Kibwana.

"Kinaitwaje?"

"Jina lake refu, dada. Wataalamu hukitambua kwa namba nne. Ya kwanza inataja kazi yake: kimo katika kundi la vinavyohamisha vipande vya molekuli. Mbili za katikati zinaeleza kinahamisha kipande gani. Ya mwisho ni yake peke yake."

"Na mwanangu hata jina bado, tunangoja siku ya saba." Mwasiti alicheka kidogo. "Sasa kinamsaidia nini?"

"Kutumia sukari ya maziwa. Bila hicho, sukari hiyo inageuka sumu. Usimnyonyeshe tena. Atapewa maziwa ya soya."

Mwasiti alimtazama mtoto aliyelala mapajani mwake.

"Mwanangu wa kwanza alipokuwa akitapika," alisema, "mama mkwe aliniambia nizidi kumnyonyesha. Nikazidi."

Kibwana alizima taa.

Mtoto aliamka, akageuza kichwa kutafuta titi. Mwasiti alifunga vifungo vya gauni mpaka shingoni. Maziwa yakapenya kitambaa.