Mtandio wa Saumu

Saumu alivua glavu, akanawa mikono. Alipofika mlangoni, akakumbuka kwamba mtandio wake ulimteleza wakati anamimina kemikali. Sasa ulikuwa umekaa sawasawa kichwani. Aliurudisha saa ngapi?

"Tabitha, uliniona nikishika mtandio?"

"Si kila saa unaushika, shoga?"

"Na glavu, au bila glavu?"

Tabitha, mwenzake wa maabara, aliacha kufuta meza. Kemikali ile ya kutengenezea vidonge haikuwa na rangi wala harufu, na ikigusa ngozi haiumi mpaka kesho yake, malengelenge yanapoanza kutoka.

"Usiuguse! Ngoja nivae glavu mpya, nikuvue mimi."

Mkono wa Saumu ulibaki hewani. Na shingo je? Na sikio? Mwili ulimsisimka, asijue kama ni kemikali au ni woga.

Nje ya kioo cha mlango, mama mkwe alikuwa amefika na mtoto aje anyonye, kama kila adhuhuri. Mtoto akanyoosha mikono kuelekea ule mtandio mwekundu aliozoea kuuvuta.

Saumu akarudi nyuma. Mtoto akaangua kicheko, akidhani mchezo wao umeanza.