Mtani Kaburini

Tangu nchi ivunjike na kila kabila lipate taifa lake, kumtania mtu wa kabila jingine ni uchokozi wa vita. Kinasa sauti ambacho kila mtu huvishwa shingoni husikia, kikaita ndege isiyo na rubani, nayo huua bila maswali.

Nyamizi, mjane wa siku moja, alimwona Shekalaghe, mtani wa marehemu kutoka ng'ambo ya mpaka, amekaa kimya kando ya kaburi kama mgeni.

“Shemeji, mwenzio azikwe bila hata tusi? Kwani alikuwa mtu baki?”

Shekalaghe akajitosa kaburini, akajilaza chali. “Hamziki! Mla panya huyu kafa makusudi, akwepe kunichimbia langu!”

Waombolezaji wakaangua kicheko. Kinasa cha shingoni mwake kikawaka taa nyekundu.

“Toka basi, shemeji,” Nyamizi akamsihi, ndege ikinguruma.

“Nende wapi? Leteni chepe, tutabanana.”

Nyamizi akajikuta anapima upana wa kaburi kwa macho.