Mapigo Arobaini

Na itangazwe kwa wote wachechemeao duniani: tiba ya kano ya kisigino imepatikana, tena bure, mtandaoni. Mgonjwa wa kwanza naye alipatikana, chini ya meza ya cherehani, akitukana.

Mjomba, fundi seremala, alimburuta kwa mguu ule mzima hadi katikati ya chumba. Dada mkubwa, mwenye kilo zake tisini, akamkalia mgongoni. Mama mkubwa akavaa miwani, akasoma kwenye simu kwa sauti ya mtu anayeapisha mawaziri:

"'Profesa anaagiza: mapigo arobaini ya nyundo ya mbao juu ya kano, bila huruma.'"

Nyundo ikashuka. Mgonjwa akalia kama mbuzi aliyeona kisu.

"Moja," akasema mama mkubwa.

"Muuguzi alisema ni mazoezi ya kuinua visigino polepole, wiki kumi na mbili," mgonjwa akalalamika.

"Wiki kumi na mbili unatibiwa au unajengwa?" mjomba akauliza. "Fainali yenu Jumamosi. Tulia, mpwa wangu."

Pigo la tatu lilipasua ngozi. La nne, mgonjwa akamng'ata dada paja. Dada akamzaba kibao, akajiweka vizuri. La sita, jirani akachungulia mlangoni.

"Mnamuua?"

"Tunamtibu."

"Haya, poleni na kazi."

La nane likatoa mlio mkavu, kama kuni ikianza kuvunjika. Kano ikikatika, hakuna fainali, wala hakuna mpira tena maishani. Mgonjwa akasema, huku damu ikimchuruzika kwenye soksi, kwamba mtandaoni yeyote anaweza kujiita profesa.

"Watu mia tatu wameshukuru hapa," mama mkubwa akajibu. "Huyu bibi ana miaka themanini, sasa anaruka kamba. Wewe unajua kuliko bibi?"

Mjomba akatemea viganja, akainua nyundo kwa mikono miwili.

Hapo mgonjwa, yaani mimi, nikakiri. Nikasema profesa ni mimi, bibi ni mimi, na wale mia tatu wote ni mimi, niliwaandika bwenini siku moja ya mvua, kwa kukosa kazi.

Nyundo ikasimama hewani. Mama mkubwa akatelezesha kidole hadi chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo hata mimi nilikuwa nimepasahau, akasoma taratibu:

"'Mgonjwa akianza kukiri makosa, dawa imeingia. Ongezeni nguvu.'"