Mstari Ulionyooka

Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, magodoro ya Béata yalikuwa yamefungwa kamba karibu na mlango, yakingoja neno la Gratien.

Gratien, fundi wa vipimo kutoka Kamembe, alikuwa ameinama jikoni mwa Béata juu ya mashine ya leza, ile inayopima mwendo mdogo kuliko unene wa unywele. Mwale ulitoka dirishani, ukafika kwenye kioo kilichosimikwa migombani, chini ya nyumba, kisha ukarudi. Ikiwa mteremko unasogea, Béata angewahamishia watoto kwa dada yake Bugarama. Ikiwa umetulia, wangebaki.

Ufa uliopasua mteremko msimu huu wa mvua haukuonekana tena. Siku ya umuganda, yaani kazi ya pamoja, wanakijiji waliujaza udongo, wakapanda majani juu yake. Wengi walisema ulipita migombani.

"Ulipita hapa, kati ya milango yetu," alisema Mzee Karangwa, jirani wa ng'ambo ya kijia. Milango yao ilikaribiana hivi kwamba asubuhi walishikana mikono kila mmoja akiwa kizingitini pake.

"Papa Karangwa, na ile macho yako?" Béata alicheka. "Juzi ulisalimia mbuzi yangu!"

"Na iliniitika muzuri kukushinda."

Kilichomsumbua Gratien ni wimbi lililojirudia kwenye mstari wa vipimo vyake. "Mwanga inajichanganya kidogo ndani ya mashine, Maman. Kila umbali uleule ukipita, kosa inarudi."

Kwa siku tatu alizungusha skrubu ya kioo polepole, akalichora kosa hilo, akalitoa katika hesabu. Béata hakuwa na la kumsaidia. Alikaa akisikiliza mvua.

Saa tisa alasiri ya siku ya tatu mstari ulinyooka kama uzi wa mwashi.

"Kati ya hapa na migomba, hakuna kitu inatembea," Gratien alisema. "Fungua magodoro, Maman."

Béata alizifungua kamba. Bomba halikutoa maji, lakini siku hiyo hakujali. Akausukuma mlango, uliokuwa umekaza ghafla, akatoka kumpa jirani habari njema.

Karangwa alikuwa amepiga magoti kizingitini pake, kule juu, akimnyooshea mkono. Béata akasimama kwa ncha za vidole, akanyoosha wake. Mikono yao haikufikiana: ufa ulikuwa umefunguka kati ya milango yao, na nyumba ya Béata ilikuwa imeshuka pamoja na migomba.

Wewe uliyesoma, msomee na jirani yako wa mteremkoni, kabla mvua haijarudi.